Simu Moja, Wanafunzi Sitini: Kupima Kiingereza Kisangani

Mwanafunzi wa Kisangani anayefanya Exetat huulizwa Kiingereza kwa maswali ya kuchagua jibu. Anasoma kifungu kifupi, anaweka alama kwenye jibu analoliona sahihi, anasonga mbele. Mtihani huo ulioanza mwaka 1967 una kazi yake, kutoa diploma ya taifa kwa nchi pana kama yetu, wala siupingi. Ila kijana anaweza kuufaulu bila mtu yeyote kumsikia akitoa sentensi tatu za Kiingereza mfululizo. Anakuja kujijua akishafika Kampala kwenye biashara, au siku anapoandika barua ya kuomba nafasi ya masomo, na hapo mwalimu wake hayupo tena karibu.

Mwongozo huu ni wako, mwalimu mwenzangu wa Makiso, Mangobo, Kabondo au Lubunga, au wewe uliye mbali zaidi, Isangi au Yangambi. Darasa limejaa, umeme unakuja na kuondoka, mega za intaneti unazinunua kwa mfuko wako. Una simu moja. Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba simu hiyo inatosha kuanzia, mradi uitumie kwanza kusikiliza na kutunza kumbukumbu, na kazi ya kuhukumu ubaki nayo wewe.

Haja yenyewe imekua. Nchi yetu ilitia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huo, na nyaraka nyingi za Jumuiya huandikwa kwa Kiingereza. Hapa kwetu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaotafiti misitu ya Yangambi, kiasi cha kilomita 100 ukiteremka mto, hufanya kazi yao kwa Kifaransa, kisha wakakuta majarida makubwa ya fani hiyo yanataka makala kwa Kiingereza. Na watoto walioingia darasa la kwanza Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, sasa wamefika umri wa sekondari. Madarasa yatazidi kujaa.

Kabla ya kugusa simu

Amua kwanza unataka kujua nini. Kumpanga mwanafunzi mgeni kwenye kundi linalomfaa ni kazi moja. Kufuatilia kama darasa limesogea kutoka Oktoba hadi Mei ni kazi nyingine. Kumpatia mtu cheti kitakachokubaliwa na chuo cha nje ni kazi ya tatu, na hiyo haifanywi na wewe. Walimu wengi hupakua programu nzuri, wakaipenda, kisha wakatafuta cha kuipimia. Matokeo yake ni alama nyingi zisizomwambia mtu afundishe nini Jumatatu.

Kipimo cha ngazi kinachojulikana zaidi ni cha Baraza la Ulaya, kilichochapishwa mwaka 2001, chenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Uzuri wake ni kwamba kila ngazi imeelezwa kwa mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya: kujitambulisha, kueleza njia, kutetea maoni yake. Chukua maelezo ya A1, A2 na B1 tu, yafupishe kwa maneno yako mwenyewe, yabandike ndani ya jalada la daftari lako. Kwa darasa la kawaida la sekondari hapa Kisangani, hizo tatu zitakutosha kwa muda mrefu.

Jambo la pili ni kumjua unayempima. Mtoto wa Kisangani mara nyingi huja kwenye Kiingereza akiwa tayari ana lugha tatu au nne: Kilokele, Kikumu au Kitopoke cha nyumbani, Kiswahili na Lingala za mjini, Kifaransa cha shule. Vipimo vingi vya kwenye simu vimetengenezwa bila kumfikiria mtoto wa namna hiyo. Akichanganya "he" na "she", programu itahesabu kosa la sarufi na kumpa zoezi la viwakilishi. Wewe unajua kwamba Kiswahili na Lingala havitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", kwa hiyo kanuni anaijua, ila ulimi haujaizoea wakati wa kusema kwa haraka. Anahitaji mazoezi ya mdomo. Akisema "I have fifteen years", Kifaransa na Kiswahili vyote viwili vimemsukuma huko. Akiandika "library" akimaanisha duka la vitabu, hapo ni Kifaransa peke yake. Unapoandika kosa, andika na mlango liliopitia. Mashine haitakufanyia hilo.

Kurekodi sauti

Hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu zako nyingi, maana hapa ndipo simu inakupa kitu ambacho chaki na karatasi haviwezi kukupa kamwe. Sauti ikishasemwa imepotea. Ukiirekodi, unaweza kuisikiliza mara mbili, ukampa mwenzako aisikilize, ukaiweka pembeni ya sauti ya miezi saba iliyopita.

Usianze na kujitambulisha. Kila mwanafunzi amekariri "My name is", na atakupa dakika nzima ya maneno yasiyokuambia chochote. Tumia picha. Tafuta picha ya jambo wanalolijua kabisa: wavuvi wa Wagenia wakining'iniza mitego yao kwenye miti juu ya maporomoko, mitumbwi ikishusha ndizi na mkaa ukingoni, foleni ya toleka, baiskeli za kubeba abiria, sokoni. Sababu ni ya msingi sana. Vipimo vya kigeni hupenda kumuuliza mtu kuhusu theluji, treni ya chini ya ardhi au kadi ya benki, na mtoto anayenyamaza pale huenda amekosa cha kusema, wala si Kiingereza alichokosa. Ukimpa Wagenia, akinyamaza, umejua ni lugha.

Mpe sekunde 30 za kuitazama picha. Kisha aeleze anachokiona kwa muda usiozidi dakika moja. Halafu muulize swali moja ambalo hakuliandaa, kwa mfano kwa nini watu wanapenda au hawapendi kazi hiyo, umwachie dakika nyingine. Swali hilo la pili ndilo lenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa linaonyesha lugha isiyokaririwa.

Simu iweke kwenye hali ya ndege, ama sivyo mtu atapiga katikati na rekodi itakatika. Iweke mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Usirekodi mvua ikinyesha kwenye mabati, wala karibu na jenereta. Masikio yako yatavumilia kelele, maikrofoni haitavumilia. Chumba chenye vitu vingi, kama ghala la vitabu, hurekodi vizuri kuliko darasa tupu lenye mwangwi.

Sasa hesabu. Wanafunzi 60 kwa dakika mbili ni saa mbili za kusikiliza, na ukisikiliza mara mbili ni saa nne. Usijaribu kuwamaliza kwa siku moja. Chukua kumi kwa wiki, wengine wakifanya kazi ya kuandika, na baada ya wiki sita umewapitia wote. Kwa ubora wa kawaida wa simu, dakika moja ya sauti huchukua kama megabaiti moja, kwa hiyo darasa zima ni kiasi cha megabaiti 120. Kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 itabeba madarasa yako yote kwa miaka. Hakuna mega ya intaneti hata moja iliyotumika.

Majina ya faili yasiwe majina ya watoto. Andika darasa, namba ya mwanafunzi na mwezi, kwa mfano 4B-17-10. Orodha ya namba na majina ibaki kwenye daftari la karatasi. Kufanya hivyo kunakusaidia kusahihisha bila upendeleo, na simu ikiibiwa, sauti za watoto hazitajulikana ni za nani.

Katika kutoa alama, sikiliza rekodi yote mara ya kwanza bila kuisimamisha, ukijiuliza kitu kimoja: nimeelewa? Mara ya pili, toa alama kuanzia 0 hadi 4 kwa mambo matatu tu, kueleweka, upana wa maneno na sentensi, na mtiririko. Usitoe alama kwa lafudhi. Mtu wa Kisangani atakayesema Kiingereza kinachosikika kuwa cha Kisangani na kikaeleweka Nairobi, huyo amefaulu, na nakusihi usimwondolee hata nusu alama kwa sababu hasemi kama mtangazaji wa London.

Tafuta mwalimu mmoja wa shule jirani mbadilishane rekodi kumi. Kila mmoja atoe alama peke yake, bila kuona za mwenzake, kisha mkutane. Mkitofautiana kwa alama moja, hakuna shida. Mkitofautiana kwa mbili au tatu, sikilizeni rekodi hiyo pamoja mpaka mjue kila mmoja alisikia nini. Mazungumzo hayo yatakufundisha zaidi ya semina. Mwisho wake chagueni rekodi tatu, moja dhaifu, moja ya wastani, moja nzuri, muwe mnazisikiliza tena kabla ya kila kipindi cha kusahihisha, maana mwalimu aliyechoka huwa mkali ifikapo jioni na aliyetoka kula huwa mpole.

Kama shule au rafiki ana kompyuta, weka humo Audacity, programu ya bure isiyohitaji intaneti ikishasakinishwa. Inachora sauti kama mawimbi, na kimya huonekana kama mstari ulionyooka. Fungua rekodi ya Oktoba na ya Mei za mtoto mmoja, moja juu ya nyingine. Mwanafunzi aliyekuwa akisimama sekunde nne kati ya kila maneno mawili ataona kwa macho yake mistari ile imefupika. Nimeona nyuso zikibadilika zaidi mbele ya picha hiyo kuliko mbele ya alama 14 kwa 20.

Omba ruhusa kabla ya yote haya. Mweleze mkuu wa shule na wazazi kwa maandishi mafupi kwamba sauti ni za kufundishia, nani atazisikiliza na lini zitafutwa. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi za mtu, na sauti ya mtoto ni mojawapo. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi hata kama ni ya kusifiwa. Mtoto anayechekwa mara moja kwa Kiingereza chake hufunga mdomo mwaka mzima.

Karatasi na kamera

Kwa kusoma, msamiati na sarufi, maswali ya kuchagua jibu bado yana nafasi yake, hasa kwa kuwa ndiyo watakayokutana nayo kwenye Exetat. Programu kama ZipGrade husoma kadi za majibu kwa kamera ya simu na kutoa alama papo hapo, na kazi hiyo ya kusoma kadi haihitaji intaneti. Unachapisha kadi, wanafunzi wanaziba viduara kwa kalamu nyeusi, unapitisha kamera juu yake. Fanya hivyo mchana karibu na dirisha. Kivuli cha mkono wako mwenyewe ndicho adui.

Faida kubwa si kuokoa muda. Ni kwamba sasa unaweza kulisahihisha swali lenyewe. Panga karatasi 60 kwa alama, chukua 16 za juu na 16 za chini. Tuseme swali la 7 limejibiwa sawa na 14 wa juu na 5 wa chini. Toa 5 kwenye 14, gawanya kwa 16, unapata 0.56: swali hilo linatofautisha wanaojua na wasiojua. Swali la 12 limejibiwa sawa na 6 wa juu na 9 wa chini. Jibu ni chini ya sifuri, yaani wanaojua ndio waliokosa. Karibu kila mara utakuta ufunguo wako wa majibu umekosewa, au majibu mawili yote yanafaa na wanafunzi wako bora wameliona lile la pili. Futa swali hilo na urudishe alama. Swali lolote lenye jibu kati ya 0 na 0.2 liandike upya. Ukifanya hivi kila muhula, ndani ya miaka miwili una hazina ya maswali mazuri ambayo shule nzima inaweza kuitumia.

Kusikiliza kunapimwa kwa sauti ulizohifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu na spika ndogo ya Bluetooth iliyochajiwa tangu jana. Tafuta sauti za Uganda, Kenya na Tanzania pamoja na zile za Uingereza na Marekani. Hizo za kwanza ndizo wanafunzi wako watakazozisikia kwa wingi maishani mwao.

Vipimo vya kwenye intaneti

Vingi vya hivi hubadilika kufuatana na anayejibu. Ukipata swali, linalofuata ni gumu zaidi, ukikosa, linashuka. Hesabu iliyo nyuma yake inatokana kwa sehemu na Mdenmark Georg Rasch, aliyechapisha kazi yake mwaka 1960, na inaruhusu kukadiria ngazi ya mtu kwa maswali machache kuliko mtihani wa karatasi. Vipimo vya bure kama EF SET au kile cha British Council vinafaa kumpa mwanafunzi picha ya jumla. Matokeo yake yachukue kama makadirio, na usimpandishe wala kumshusha mtu darasa kwa hayo peke yake. Andaa simu iliyojaa chaji na mtandao wa akiba wa kampuni nyingine, maana umeme ukikatika katikati ya kipimo cha namna hii, mara nyingi mtu huanza upya.

Kwa kuandika, Write & Improve ya Cambridge hupokea insha na kurudisha makadirio ya ngazi pamoja na sehemu zenye mashaka. Inafaa mwanafunzi aitumie kabla ya kukuletea insha yake. Programu za akili mnemba nazo zitakusahihishia rundo la insha kwa dakika chache, na najua kishawishi chake kilivyo kikubwa kwa mtu mwenye madaftari 180 mezani. Kabla ya kuziamini, sahihisha insha 20 wewe mwenyewe, ufiche alama zako, kisha ipe mashine hizo hizo 20 bila majina. Linganisha. Tazama hasa zile mlizotofautiana: je, mashine imemwadhibu mtoto kwa kusimulia jambo la hapa isilolijua? Imemsifu aliyenakili misemo mizuri? Baada ya hapo utajua ukubwa wa imani unayoweza kuipa, na alama ya mwisho bado itoke kwako.

Kuna zana moja ninayokuomba usiiguse kabisa: ile inayodai kutambua kama insha imeandikwa na akili mnemba. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizipa zana saba za namna hiyo insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Sababu ni kwamba mtu anayejifunza hutumia maneno machache na sentensi za kawaida, na zana huona ukawaida huo kama alama ya mashine. Kumwita mtoto mwizi kwa ushahidi huo ni dhuluma. Ukiwa na shaka, muite akueleze kwa mdomo alichoandika. Dakika mbili zitakuonyesha.

Kwa zana zinazotoa alama za matamshi, tahadhari inakwenda upande huo huo. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Stanford ulipima mifumo ya kutambua sauti ya kampuni tano kubwa. Kwa wasemaji Weusi wa Marekani, watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, mifumo ilikosea kwa wastani maneno 35 katika kila 100. Kwa Wazungu, 19. Ikiwa hao hawakusikika vizuri, fikiria kijana wa Mangobo mwenye Lingala na Kifaransa kinywani. Jaribu mwenyewe: soma sentensi kumi mbele ya programu, uone inaandika nini. Mahali ilipokusikia vibaya wewe mwalimu, itamsikia vibaya na mwanafunzi wako, na hapo usiitumie kutoa alama. Iache iwe ya mazoezi.

Anayehitaji cheti

Kila mwaka watakuja kwako wachache wanaotaka kusoma nje. Waambie mapema, si mwezi wa mwisho. IELTS na TOEFL huhesabiwa halali kwa miaka miwili, kwa hiyo kuharakisha mno nako ni hasara. Duolingo English Test hufanyika nyumbani kwa takriban saa moja kwenye kompyuta, lakini inadai kitambulisho kinachokubalika, kamera, maikrofoni, chumba kisichoingiliwa na mtu, na intaneti isiyokatika. Mwanafunzi akigeuza macho mara kwa mara au mdogo wake akiingia chumbani, matokeo yanaweza kukataliwa. Afadhali atafute ofisi yenye betri au jenereta, afanye jaribio la bure mahali hapo hapo na saa hiyo hiyo siku chache kabla, ili aujue mtandao wa pale unavyokuwa.

Kabla ya kulipa hata faranga moja, afungue ukurasa wa chuo anachokiomba asome mtihani upi unakubaliwa na alama ngapi zinahitajika kwa kila stadi, kwa maana baadhi ya vyuo huweka kiwango cha jumla na pia kiwango cha chini kwa kuzungumza au kuandika. Kisha mfungulie rekodi zake za mwaka mzima, mzisikilize pamoja kwa kulinganisha na kiwango hicho, na mkubaliane kama anajiandikisha muhula huu au anangoja ujao.